DVD Iliyoachwa Wazi kwa Ajili ya Ubatizo

Nimepiga hesabu mara mbili na jibu halikubadilika. DVD moja ya mteja wa Mbebe ilinigharimu safari tatu za kuvuka mpaka, siku sita za duka kufungwa, mkanda mmoja wa mpira ambao ilibidi niuchemshe kwenye sufuria, na imani niliyokuwa nayo kwa masikio yangu mwenyewe. Mteja alilipa bei niliyotaja bila kuomba nipunguze hata kidogo. Kwa Tunduma, hiyo peke yake ilitosha kunitia wasiwasi.

Duka nimelifunga mwezi uliopita. Macho yamekataa kuona skrubu ndogo, na mteja wa siku hizi anakuja na harusi nzima ndani ya simu. Ninyi vijana mnaoendelea na kazi hii mlinitaka niandike ilivyokuwa zamani. Ninaandika, ila atakayetafuta hapa siri ya kutajirika asome taratibu, labda ataiona. Mimi sikuiona.

Nilikuja Tunduma kutoka Kondoa na marobota mawili ya vitenge, wakati biashara ilipoanza kuachiwa huru na kila mtu akawa mfanyabiashara. Robota moja nilibadilishana na dereva wa lori kwa deki ya video. Aliniapia kuwa ni nzima. Ilikuwa nzima kwa nje. Nikaibeba kichwani nikavuka nayo hadi Nakonde, ng'ambo ya Zambia, kwa fundi mmoja ambaye wote tulimwita Ba Mulenga, kama Wabemba wanavyomwita mtu wanayemheshimu.

Ba Mulenga aliifungua, akatoa mende sita waliokauka na kipande cha karatasi ya sigara. Akavipanga mezani kama vielelezo mahakamani. Akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibemba, ambamo mama ni mayo, "Mayo, usiulize deki inaumwa nini. Uliza ilikula nini." Nilikaa kwake kutwa nzima. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Hakuwahi kuniambia kuwa nimekuwa mwanafunzi wake. Siku moja tu alinipa bisibisi na kusema hiyo ni yako, usiiazime mtu.

Kwake nilijifunza kusafisha vichwa vya deki kwa spiriti na kitambaa cha shati kuukuu, pamba haifai, inaacha nyuzi. Nilijifunza kunusa: umeme ukiunguza kitu kina harufu yake, na fundi asiyenusa atabadilisha vipuri vitatu kabla ya kufika kwenye kibovu. Baadaye nilinunua kamera, nikaanza kupiga video za harusi, ubarikio na misiba, kuanzia Iyula kwenye kahawa hadi milimani Ileje. Watu walishangaa kuona fundi ni mwanamke aliyejifunga ushungi. Walipoona bei yangu waliacha kushangaa ushungi.

Kisha zikaja DVD, na pamoja nazo maneno ambayo nimeyasikia kuliko salamu: "Fundi, haichezi."

Sikilizeni, hili bado litawafaa hata kwa hivyo vidude vyenu. Mtu akisema haichezi, swali la kwanza ni inachezwa kwenye nini. Deki za bei nafuu zilizokuwa zinavuka mpaka zilikuwa na jicho dhaifu la kusomea, zikipewa DVD iliyochomwa nyumbani zinasema hakuna kitu. Swali la pili, ni saa ngapi. Umeme wa jioni ulikuwa mdogo, deki inazunguka kama mtu anayetoka msibani, picha inaganda. Kesho asubuhi DVD ileile inacheza vizuri na mteja anaona haya. La tatu, ilichomwa kwa kasi gani, kwa sababu ukichoma haraka ili ufukuze foleni, foleni itarudi wiki ijayo ikiwa na hasira. La nne, stika. Wateja wetu walipima DVD kwa picha iliyobandikwa juu yake. Ukimpa isiyo na picha ya bibi harusi anahisi umempa kitu kitupu. Basi tukabandika. Stika ikipata joto inainuka pembeni, inaikunja DVD kidogo tu, na jicho la deki likifika pale linateleza. Nilijua jambo hili na nikaendelea kubandika. Mteja alikuwa anataka picha.

Na la tano ni kufunga. Mashine ya kurekodia DVD, ile niliyoitumia kabla sijanunua kompyuta, ikimaliza kuandika ilikuwa inahitaji kuamriwa ifunge. Dakika nne hivi. DVD isiyofungwa inasomeka ndani ya mashine iliyoiandika tu. Kwingine kote ni kama haina kitu.

Kwa nini basi mtu aache kufunga? Kwa sababu DVD tupu nzuri ilikuwa ghali, na watu wa huku hawapendi kuacha nafasi ipotee. Tukaanzisha utaratibu wetu. Familia inanunua DVD moja. Unaweka sherehe ya kumuaga binti, unaiacha wazi, mwakani wanairudisha unaongeza ubatizo wa mtoto, ndipo unafunga. Tuliiita DVD ya ukoo. Mafundi wa Mbeya walitucheka. Sisi tulihesabu akiba.

Mama Tusekile alikuwa mjane, mkulima wa Mbebe, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Alinipeleka kwake kupiga video ya kumuaga Tusekile, bintiye wa pekee. Mnajua sherehe zetu hizi. Binti anayeagwa hainui uso. Akiinua, shangazi watasema ana haraka ya kuondoka kwao. Tusekile aliinama tangu alipoingia ukumbini hadi zawadi za mwisho. Nami nilipiga wageni, kwa sababu wageni ndio wanaouliza "nimeonekana?", na mgeni asiyeonekana hamwambii mtu mwingine akuite.

Mwishoni alisimama kutoa shukrani kwa mama yake. Spika ya ukumbi ilikuwa imekufa, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimembandika kifuani kinasa sauti kidogo cha kamera, na mimi nikiwa na hedifoni masikioni. Alisema maneno machache, taratibu. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza. Mama yake alikuwa upande wa pili wa ukumbi, analia kwenye kitenge.

Mama Tusekile alipokuja kuchukua DVD alikuta hakuna umeme Tunduma, na gari la Ileje linapiga honi. Hakuiona ikicheza. Aliuliza kama imebaki nafasi. Nikamwonyesha kwa kidole, imebaki. Akasema, "Basi usiifunge, Mama Zuhura. Ubatizo utakuja." Nikasema sawa. Ningepaswa kumwambia kuwa isipofungwa haitasomeka popote ila kwangu. Sikumwambia. Kwake hakukuwa na umeme wala deki, nikaona maelezo ya bure yanachelewesha gari. Na ile kanda ya kamera niliifuta wiki hiyohiyo nikapigia harusi nyingine. Kanda moja kwangu ilikuwa inabeba sherehe saba au nane kabla ya kustaafu.

Miaka ikapita. Nikanunua kompyuta. Ile mashine ya kurekodia nikamuuzia Ba Mulenga, na nilivyoisifu siku hiyo, ungedhani namwoza binti yangu. Ba Mulenga naye akafariki. Nilivuka kwenda kuzika, nikarudi, nikaendelea na kazi.

Kisha siku moja ya mvua Mama Tusekile akaingia dukani ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka minane hivi. Sikumkumbuka. Alitoa Biblia mfukoni, ndani ya Biblia bahasha, ndani ya bahasha DVD yenye picha ya Tusekile ameinama. Akaiweka mezani.

"Wanasema haina kitu," alisema. "Mtaa wote nimezunguka. Wanasema uliniuzia tupu."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Tusekile alifariki akijifungua. Mtoto, Atupele, alibatizwa kanisani bila kamera, nani angekumbuka kamera. Baba wa mtoto alikwenda Zambia, akaoa huko. Sasa Mama Tusekile alikuwa amenunua sola na televisheni ndogo, hasa ili mtoto amwone mama yake akitembea na kuzungumza. Picha za karatasi alikuwa nazo. Mtoto aliuliza mama alikuwa na sauti gani, na bibi hakujua aifananishe na nini.

"Na mimi nina shida yangu humo ndani," aliongeza. "Aliposhukuru sikusikia. Nilikuwa nalia, na vile vigelegele. Nikajiambia si imerekodiwa, nitasikiliza baadaye. Akaondoka kwa mumewe. Alipokuja kunitembelea niliona aibu kumuuliza, mwanangu uliniambia nini siku ile."

Niliichukua DVD nikaigeuza kwenye mwanga. Hapa ndipo mjifunze kitu: sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, kama shamba lililolimwa na lisilolimwa. Ukanda uliochomwa ulikuwepo, mpana, na pembeni kabisa ukanda mwembamba mtupu. Ile ndiyo nafasi ya ubatizo. Nikamwambia, "Kitu kimo, Mama Tusekile. Sikukuuzia tupu. Niliiacha wazi." Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haikuibwa, mlango tu ndio uliosahauliwa. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, mimi kwenye kugombana najimudu.

Siku mbili nilijaribu kwa kompyuta yangu na deki nne. Hakuna kitu, hakuna kitu. Ilibidi nivuke kwenda kwa Bana Chanda, mjane wa Ba Mulenga.

Ile mashine ya kurekodia niliyomuuzia mumewe ilikuwa sebuleni chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilianza kama ninavyoanza siku zote: nikasema imechakaa, mtindo wake umepita, nitaichukua nimwondolee mzigo. Bana Chanda alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mumewe alimsimulia neno kwa neno jinsi nilivyoiuza, kwamba haina mfano kuanzia Lusaka hadi Mbeya. "Sasa imepata ugonjwa leo asubuhi, mayo?" Nikaongeza bei. Akatikisa kichwa. Nikaongeza tena, jambo ambalo sikumbuki kulifanya maishani. Akasema hauzi. Hicho ndicho kitu cha mwisho mumewe alichokifungua mezani kwake, na skrubu mbili bado zilikuwa kwenye kibati alipoziacha.

Nikaacha biashara. Nikamweleza habari ya Mama Tusekile kama ilivyo. Bana Chanda akasema, "Walete hapa. Mashine haitoki, watu waje."

Safari ya pili nilikwenda peke yangu kuitengeneza. Mlango wake wa kuingizia DVD ulikuwa haufunguki. Mkanda mdogo wa mpira umekauka umelegea. Wa kubadilisha haupo dunia hii. Ba Mulenga alinifundisha kuuchemsha: dakika tano kwenye maji, ukaushe, unakaza kwa siku chache kama mzee aliyekunywa supu. Bana Chanda alinipa sufuria, akasema mumewe pia alimharibia sufuria hivyohivyo. Nikasafisha jicho kwa spiriti. Nikafunga na zile skrubu mbili za kwenye kibati.

Safari ya tatu tulivuka watatu, mimi, Mama Tusekile na Atupele. Bana Chanda alitukaribisha kwa "mwaiseni" na chai ya maziwa, akamkalisha mtoto mbele kabisa. Niliunganisha waya kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta ndogo niliyoibeba, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua: kwanza icheze na kunakiliwa, kufunga baadaye. DVD ya kale ukiiamuru ifunge inaweza kufa mkononi. Stika ilikuwa imeinuka upande mmoja. Nilitamani kuibandua. Sikuibandua, maana stika ikitoka huwa haitoki peke yake, inabandua na ngozi ya DVD yenye picha.

Ikaingia. Mashine ikafikiri. Halafu ukumbi wa Mbebe ukatokea, na rangi zake zote.

Dakika arobaini na sita tulitazama. Wageni walipita na mabeseni, na magodoro, na mbuzi. Mama Tusekile aliwataja mmoja mmoja, huyu amefariki, huyu amehama, huyu alitoa beseni akaja kuliazima. Bana Chanda alicheka. Atupele hakucheka. Alikuwa anatafuta.

"Bibi, mama ni yupi?"

"Huyo wa kati."

"Mbona hatazami?"

"Hiyo ndiyo heshima yetu. Subiri, atatazama."

Ndipo nilipoiona kazi yangu kwa macho ya mnunuzi. Dakika arobaini na sita, na binti mwenyewe alikuwa ni kilemba na shingo. Nilikuwa nimempiga vizuri sana kila mtu aliyeleta beseni.

Kisha MC akaomba utulivu. Tusekile akasimama. Akainua uso, akamtafuta mama yake ukumbini, na midomo ikafunguka. Picha ikavunjika vipande vya mraba, ikaganda. Mashine ikakwaruza ndani, trrk, trrk, ikasimama.

Nilirudisha nyuma. Ikaganda palepale. Nilibonyeza stika taratibu kwa kidole, nikaisafisha, nikaipoza, nikajaribu mara tisa. Uso uleule, midomo ileile. Mara ya tisa haikufika hata hapo, ikagandia kwa MC. Nikazima, nisije nikapoteza na kile tulichokuwa nacho.

Halafu Mama Tusekile akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ileile ndogo.

"Mama Zuhura, wewe ulikuwa na vile vya masikioni. Wewe ulimsikia. Alisema nini?"

Ni kweli. Katika ukumbi mzima, mtu aliyemsikia Tusekile vizuri nilikuwa mimi. Na sikukumbuka hata neno moja. Nilikuwa nimepiga mamia ya mabinti wanaoshukuru. Wakati wao wanazungumza mimi nilikuwa natazama betri, nahesabu dakika za kanda, nawaza gari la kurudi. Maneno yaliingia sikio moja na kupita kwenye waya. Mtoto alikuwa ananitazama, na bibi ananitazama, na Bana Chanda ameshusha kikombe.

Mtu wa soko akiulizwa bidhaa asiyo nayo huwa anajua la kufanya. Nilisema, "Alisema, Mama, nimekuchosha vya kutosha. Sasa kaa, upumzike."

Nilichagua kama anavyochagua muuza nguo asiyejua kipimo cha mteja: kitu kinachomfaa kila mtu. Mama Tusekile alifumba macho. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa. Ndivyo kabisa alivyokuwa anazungumza." Atupele akayarudia kwa sauti ya chini, kama anajifunza shairi la shule.

Tukarudi. Nilimchomea zile dakika arobaini na sita kwenye DVD mbili, polepole, nikazifunga zote, bila stika, nikazijaribu kwenye deki tano pamoja na ya jirani aliyekuwa hataki. DVD yenyewe aliniachia, akasema huenda siku moja nitaweza. Mashine ya Bana Chanda niliijaribu tena mwezi uliofuata. Mpira ulikuwa umelegea, na jicho nalo halikuwaka. Ile ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Kila msimu wa mavuno Mama Tusekile ananiletea debe la maharage. Nilikataa la kwanza, akaliacha mlangoni. Aliniambia shamba la mbali amempa mpwa wake alime, yeye anakaa nyumbani, kwa sababu aliagizwa apumzike. Magoti yake yamepata nafuu. Atupele akimwona ameshika jembe anamkumbusha agizo la mama. Nimehesabu madebe: matatu. Nimeyala yote. Yalikuwa maharage mazuri.

Sasa yapo haya. Kijana mmoja wa Vwawa, mwenzenu katika kazi, alipita nikiwa nafunga duka. Akaiona ile DVD. Akasema ana programu kwenye kompyuta inayosoma hata zisizofungwa, kipande kwa kipande, inarudia sehemu mbovu usiku kucha hadi ikubali. Hakuahidi. Alisema labda sauti itapatikana hata picha ikikataa. Nilimwambia nitafikiri.

Nimefikiri mara mbili na majibu hayalingani. Nikimpa, na sauti ikatoka, mtoto atamsikia mama yake, na hiyo ni haki yake, wala si mali yangu ya kuuza au kuzuia. Lakini Tusekile atasema alichosema kweli, na bibi yake Atupele atajua kuwa ameishi miaka mitatu kwa amri ya fundi wa video. Huenda alishukuru kamati ya maandalizi tu. Wengi walifanya hivyo. Huenda alisema kitu kizuri kuliko changu, na mimi ndiye niliyekifunika. Nimewaza kumwambia kwanza Mama Tusekile ukweli kabla ya kumpa kijana DVD; halafu sauti isipopatikana nitakuwa nimemnyang'anya maneno niliyompa na kumwachia mikono mitupu, mara ya pili.

Maharage ya Mbebe yanavunwa karibuni, naye atashuka nayo mwenyewe, na Atupele sasa ni mkubwa wa kuuliza maswali. DVD iko kwenye kabati langu, ndani ya bahasha ileile. Ninyi mnaoifanya kazi hii, mliowahi kukabidhi kitu kibovu kwa mtu aliyefiwa, nishaurini: nianze na kijana wa Vwawa, au nianze na Mama Tusekile?